Kabuti la Babu

Leo naanzia sokoni Siakago, kibandani kwa fundi cherehani aliyenishonea suruali yangu ya kwanza ndefu, na ambaye hadi leo hunipima kwa macho kabla hajagusa futi yake. Juzi nilipita kumsalimu nikamkuta amekunja uso mbele ya simu, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Akaniita bila hata kunijulia hali. "Njoo hapa, mtu wa redio. Hii nguo kiuno chake kiko wapi?"

Nikaishika simu. Pichani walikuwa wasichana sita waliojipanga kwenye ngazi za mawe, kila mmoja na gauni jeupe, jepesi, lililofungwa utepe chini kidogo tu ya kifua. Kutoka kwenye utepe ule kitambaa kilishuka moja kwa moja hadi kwenye vidole vya miguu, hakuna mkato, hakuna marinda ya maana, kama maji yanayomiminwa kutoka mtungini. Mikono mifupi, imeumuka mabegani kama maandazi. Kichwani kofia za ukili zenye kamba ya kufunga kidevuni.

"Kiuno kimehama," nikamwambia. "Kimepanda juu."

"Kimehama kimwachie nani kazi? Mwenye gauni akikaa, akiinama, akicheza, kitambaa kitashikwa na nini?"

Mteja, akanieleza, ni mwalimu wa Kiingereza, binti wa hapa hapa Mbeere. Disemba 2025, tarehe 16, inatimia miaka 250 tangu azaliwe mwandishi Jane Austen, na mwalimu na wenzake aliosoma nao chuoni wamekubaliana kwamba siku hiyo watakunywa chai kama inavyonywewa katika vitabu vya mama huyo, kwa mavazi yake, vikombe vyake na adabu zake. Wala hawaendi hoteli ya Nairobi. Watakaa nyumbani kwao, chini ya mwembe, Kilima cha Kiang'ombe kikiwatazama.

Najua kuna wanaocheka huko mliko. Nami nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka kabuti la babu. Nitafika kwenye kabuti. Kwanza tumtendee mwalimu haki.

Mavazi yale yana miaka yake. Mwaka 1811 mfalme wa Uingereza, George wa Tatu, alikuwa ameharibikiwa akili kiasi cha kutoweza kutawala, na bunge likampa mwanawe ukaimu. Mwana mwenyewe alikuwa na miaka 48, tumbo la kutosha na madeni ya kutosha zaidi. Akakaimu hadi baba yake alipofariki Januari 1820. Hiyo ndiyo enzi ambayo Waingereza huiita Regency, enzi ya kaimu mfalme. Jane Austen alichapisha vitabu vyake humo, bila jina lake kwenye jalada, akafariki mwaka 1817 akiwa na miaka 41.

Wanawake wenye uwezo walikuwa wameyatupa magauni ya mama zao, yale mazito yenye mbavu za nyangumi ndani, wakavaa melimeli nyembamba ya pamba. Ile nzuri kabisa ilitoka Bengal, kwa wafumaji wa upande wa Dhaka. Gauni lilikuwa jembamba hata mfuko wa ndani haukukaa, ndipo kila bibi akaanza kutembea na kijipochi cha kamba mkononi. Kwa hiyo, dada zangu mnaolalamika kwamba nguo za kike hazina mifuko, hilo ni lalamiko la miaka 200. Wanaume nao waliongozwa na bwana mmoja aitwaye Beau Brummell, mtu asiye na cheo chochote, ambaye utawala wake wote ulikuwa kwenye kitambaa cha shingoni na koti lililokatwa vizuri. Alivaa, akatazamwa, akaigwa na kaimu mfalme mwenyewe, kisha mwaka 1816 akatorokea Ufaransa kwa sababu ya madeni, akafia huko. Fundi wangu alipolisikia hilo alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayedai.

Kuna mji unaitwa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambao Austen aliishi kuanzia 1801 hadi 1806. Huko kila Septemba watu kutoka nchi nyingi huvaa magauni hayo, makoti yenye mikia na kofia ndefu, wakaandamana mjini mchana kweupe. Mwaka 2014 walihesabiwa 550 wakiwa wamevalia hivyo pamoja, rekodi ikaandikwa. Halafu mwishoni mwa 2020, dunia ikiwa imefungiwa ndani na korona, ikaja ile tamthilia ya Bridgerton na malkia wake mweusi, na kiuno kilichohama kikafika mpaka kwenye simu ya fundi wa Siakago.

Kitu kimoja nakipenda katika habari hii, na sikioni kikisemwa sana. Yule kaimu mfalme alipotawazwa hatimaye mwaka 1821, yeye na wakuu wake hawakuvaa nguo za wakati wao. Walivaa nguo za kuigiza enzi za wafalme wa miaka 200 na zaidi kabla yao, suruali fupi zilizotuna na majoho na manyoya. Na miongoni mwa waliovalishwa kama watumishi wa kifalme siku hiyo alikuwamo Bill Richmond, bondia mweusi aliyezaliwa utumwani Marekani. Kwa hiyo watu ambao leo tunawaiga nao walikuwa wakiiga mababu zao. Mwalimu wetu wa Kiingereza yumo kwenye foleni ndefu.

Lakini foleni hiyo ina mlango wa nyuma. Mwenye kuvaa nguo ya kale huchagua siku ya sherehe. Huko Bath wanavaa ya ngoma ya usiku. Sijasikia aliyejivika kama kibarua wa kiwanda cha pamba cha Manchester, wala kama mtumwa aliyeichuma pamba ile Marekani. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe katika makoloni yake ulivuka enzi yote ya kaimu mfalme ukiwa hai. Miaka ile ile, huku kwetu pwani, Lamu ilikuwa ikipigana na Mombasa na Pate pale Shela, na baada ya kushinda ikamwita Sultani wa Oman aje kuilinda, ndipo ile ngome ya Lamu ikakamilishwa. Hakukuwa na kanga bado. Kanga ni mgeni wa nusu ya pili ya karne ile. Na huku bara, chini ya mlima, bibi zetu walivaa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta mpaka ikawa laini kama kitambaa.

Hapo ndipo mtu atanyanyuka aniambie: basi mwalimu avae hiyo! Ya nini kuvaa ya Waingereza wakati tuna yetu?

Polepole. Yetu ni ipi?

Kila mtoto aliyesoma upande huu wa Embu amevaa sketi ya mkonge. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na ngoma za makabila zilipoingia humo, mkonge uliingia nazo. Siku ya Mashujaa, siku ya mgeni mkubwa, siku ya kufungua kisima, kikundi cha akina mama kinasimama kwenye jua na sketi za mkonge zilizopakwa rangi, fulana nyeupe ndani kwa ajili ya heshima, na raba miguuni kwa ajili ya mawe. Tunapiga makofi, tunasema: utamaduni. Mkonge wenyewe, wasikilizaji, uliletwa Afrika Mashariki na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf mwaka 1893, asili yake Mexico. Ulipandwa Tanga kwanza. Babu wa babu yangu hakuuona.

Manyoya meusi na meupe ya mbega, hayo ndiyo wachezaji wa Embu, Chuka na Meru waliyavaa kweli. Lakini uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na ni vizuri, kwa hiyo mbega wa jukwaani siku hizi ni nyuzi za sweta. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba sketi ya mkonge ni sare ya jukwaa, kama yale magwanda ya beni kule pwani. Beni mnaijua: vijana wa Lamu na Mombasa tangu miaka ya 1890 walijigawa makundi, wakajipa ufalme, ujenerali na uadmirali, wakashona sare za wanamaji wa Kizungu na kushindana kwa tarumbeta. Vita vya Kwanza vilipoisha, askari wakaisambaza beni mpaka Nyasa na Kongo. Walijua wanaigiza, na walishona vizuri hasa. Majirani zetu Wakikuyu nao wakaja na mwomboko, kwa kodiani na kile chuma cha karing'aring'a, wanaume wamevaa koti na kofia, hatua za dansi ya Kizungu zimegeuzwa mpaka Mzungu mwenyewe asizitambue.

Anayetaka kuiona ile ya ngozi aende Nairobi, Makumbusho ya Taifa, atazame picha za Joy Adamson. Ndiyo, yule yule wa simba Elsa. Kabla ya simba, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuwachora watu wa Kenya na mavazi yao, akazunguka nchi miaka kadhaa akachora picha zaidi ya 500, zikatoka kitabuni mwaka 1967. Kuna nyuso za mlima huu humo. Lakini hata yeye alichora mavazi ya siku kubwa: mcheza ngoma, mzee wa baraza, kijana wa tohara. Hata yeye aliomba watu wakatoe nguo zilizokuwa zimeshafichwa sandukuni. Jirani aliyekwenda shambani asubuhi ile na shati lililochanika kwapani hakuchorwa.

Sasa kabuti.

Mwaka 2023 sherehe za kitaifa za Madaraka zililetwa Embu, Uwanja wa Moi, Alhamisi tarehe 1 Juni. Ilikuwa miaka 60 kamili tangu tarehe 1 Juni 1963, siku Kenya ilipopata serikali ya ndani na Mzee Jomo Kenyatta akawa waziri mkuu. Tulikuwa marafiki sita wa Siakago, wanaume wanne na wanawake wawili: mwalimu wa hesabu, mwendesha bodaboda, muuza ndengu, nesi, mwenye duka la mbegu, na mimi. Tukasema mwaka huu hatuvai fulana za rangi ya bendera kama kila mtu. Tutaingia Embu tumevaa kama watu wa Siakago walivyovaa siku ile yenyewe.

Tulijiandaa wiki tatu. Fundi wangu alitushonea kaptula za kaki zenye miguu mipana, akilalamika kwamba kitambaa cha kaki siku hizi hakisimami. Akala tulizipata kwa mzee anayekata tairi. Nesi na mwenye duka walishonewa marinda ya pamba yenye maua madogo, petikoti chini zimekazwa kwa wanga mpaka zikawa zinasema zikitembea, kitambaa kimefungwa nyuma ya shingo, na kiondo mgongoni, mkanda wake ukikaa kwenye paji la uso. Makabuti ndiyo yalitusumbua. Kabuti, kwa wale vijana, ni lile koti zito la jeshi linalofika kwenye mashavu ya miguu. Matatu tulitoa Gikomba, kwenye mitumba, na nilipokuwa nikichagua nilikumbuka kwamba zamani nguo za namna hiyo ziliitwa kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenyewe ameshazikwa. Huenda tulivaa maiti watatu wa Kizungu. La nne lilikuwa la babu yangu.

Babu alilinunua kutoka kwa mtu aliyerudi na Keya, lile jeshi la kikoloni, kutoka vita vya Burma. Tangu afariki lilikuwa limetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa cucu, nyanya yangu. Nilimwomba, akanitazama kidogo, akasema lichukue, lakini ulirudishe kabla ya mvua. Nilipolivaa lilinuka tumbaku, moshi na mbuzi, na mle ndani nilihisi kama ninajificha. Basi nikalipeleka Embu kwa dobi wa mashine, nikaona nimetenda wema.

Mwalimu wa hesabu aliongeza ufundi wake mwenyewe. Alitafuta kopo dogo la bati, akalikunja, akalitia uzi, akalining'iniza shingoni: kipande. Alikuwa amejiona mwerevu sana kwa hilo. Kila aliyesoma historia anakijua kipande, ile karatasi ya alama za vidole ambayo Mwafrika mwanaume alilazimishwa kuitembeza ndani ya kijisanduku cha chuma.

Tuliondoka kabla ya jogoo. Utingo wa matatu alitumulika kwa simu akauliza kama tunaenda kwenye mazishi au kwenye mchezo wa kuigiza, ili ajue nauli ya kutoza. Embu kulikuwa kumejaa watu tangu usiku, baridi ya Juni mnaijua, na ukungu umeketi juu ya mji. Watu walitupiga picha. Wengine walituita Mau Mau, ingawa hatukuwa na nywele wala ngozi. Tukaanza kutembea kwa maringo. Nitasema ukweli: kabuti hukufanya uweke mikono nyuma na kuzungumza polepole. Nesi alisema kiondo kikiwa kichwani huwezi kugeuka upesi kumtazama mtu. Unageuka mwili mzima kama gari, na hivyo watu wanakuona una heshima kumbe ni mkanda.

Kando ya barabara, mbele ya duka lililofungwa, alikuwa ameketi mzee mmoja kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti. Tulimwamkia. Akaitikia, lakini macho hayakuwa kwenye nyuso zetu. Akainua fimbo, akaanza kutuhesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Akaishusha. "Wanangu, makabuti manne? Huo utajiri mliutoa wapi?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Kwetu kabuti lilikuwa moja. La kaka yangu aliyekuwa Keya. Mwenye safari ndiye aliyelivaa. Akirudi anavua, anavaa mwingine. Ukiona kabuti linakuja kwa mbali hujui ni nani yumo ndani."

Kisha akamwita mwalimu wa hesabu karibu, akakigusa kile kibati kwa ncha ya fimbo. "Na hiki?"

"Kipande, mzee."

"Najua ni kipande. Mwaka gani huu mnaouvaa?"

"Sitini na tatu."

"Hiki kilikuwa cha baba yangu. Kilitoka shingoni mwake mimi bado nachunga mbuzi. Wewe umevaa baba na mwana kwa siku moja."

Mwalimu wa watu akafa ganzi. Na mzee alikuwa na haki yake. Nimehakikisha baadaye. Sheria ya kipande ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, na mwaka 1947 sheria mpya ya uandikishaji ikaja kwa watu wa rangi zote, kile kijisanduku cha shingoni kikaondoka. Kilichofuata huku kwetu kilikuwa kitu kingine: wakati wa Dharura, kuanzia 1954, Wakikuyu, Waembu na Wameru walipewa kijitabu cha kibali cha kutembea, na bila hicho hata kuvuka kwenda soko la pili ilikuwa kosa. Mzee alitueleza alivyokiweka ndani ya soksi ya kaka yake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa na soksi wala mfuko usiotoboka. Dharura iliisha mwanzoni mwa 1960. Kufika Madaraka, alisema, alikuwa bado anajipapasa kila akiona askari, na mkono unakuta hakuna kitu.

Muuza ndengu, ambaye hana subira, akauliza: "Na miguuni je, mzee? Akala si ndizo?"

"Akala ndizo. Lakini jozi sita?"

Basi mwendesha bodaboda akavua zake pale pale ili tupate kuwa wa kweli. Alitembea hatua kama mia hivi kwenye lami ya Embu, akirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa, akarudi kuzivaa. Mzee ndipo akacheka, tena akacheka mpaka akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Marinda ya akina dada aliyatazama kwa muda mrefu zaidi kuliko vyote. Akamwambia nesi azunguke. Petikoti ikasema. "Hilo ndilo lenyewe," akasema. "Lakini hilo lilikuwa la Krismasi. Madaraka ilikuwa siku ya kazi kwa wanawake. Nani angewapikia wageni?"

Hatukuingia uwanjani. Ndege za jeshi zilipita juu, hotuba tulizisikia kwa vipaza sauti na redio za maduka, na sisi tulikuwa tumekaa chini kwenye baraza ya duka lililofungwa, tumemzunguka yule mzee kama watoto wa chekechea. Hakutupa hadithi ya Uhuru. Tulipata habari za vifungo. Alituambia kaki ilivyofuliwa kwa majivu, na kwamba kofia ya mtu ilijulikana kijiji kizima hata ikiokotwa njiani. Alituambia pia kwamba miaka ile walihamishwa mkoa bila kusogea hata futi moja: jana Embu ilikuwa ya Kati, leo ni ya Mashariki, na yeye alikuwa amelala pale pale.

Nimefikiri sana kuhusu fimbo ile ikituhesabu. Wale wa Bath wanajitahidi, jamani. Wanasoma, wanapima mishono ya magauni yaliyobaki kwenye makumbusho, wanatazama picha za wachoraji, wanagombana usiku kucha kama kifungo cha mwaka 1812 kilikuwa cha shaba au cha uzi. Lakini mwenye nguo hayupo. Hakuna bibi wa mwaka 1812 atakayetokea kando ya barabara awaambie, wanangu, hayo magauni meupe sita mliyafua kwa sabuni ya nani. Sisi wa 1963 mwenye nguo tunaye. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile amevuka 80. Anakaa mbele ya duka, au nyuma ya mlango wenye msumari, na sisi tunampita tukikimbilia mkonge.

Na nguo aliyoivaa haipendezi kuigizwa, hilo lazima tukubali. Haina shanga wala manyoya. Mwaka 2004 nchi hii ilifanya shindano la kutafuta vazi la taifa. Likabuniwa, likapigwa picha, likasahaulika. Sikumbuki aliyependekeza kabuti moja la nyumba nzima. Lingekuwa vazi gumu kulivaa kwa pamoja.

Lakini nilimwambia fundi alishone gauni la mwalimu. Alishone vizuri, tena asimtoze bei ya harusi. Kiuno kitashikwa na kamba inayopita ndani ya pindo, ya kuvutwa na kufungwa, na hivyo ndivyo walivyofanya wenyewe miaka ile. Uso wa fundi ukakunjuka. "Kama mdomo wa gunia," akasema, na hapo hapo akachukua chaki. Nilimwomba amfikishie mwalimu ombi langu moja: siku ya chai amkalishe nyanya yake pale chini ya mwembe, kwenye kiti chenye mgongo, mbele kabisa. Ninavyowajua akina cucu wa Mbeere, hataanza na magauni. Ataanza na chai: kwa nini imekuja bila maziwa, na nani alimfundisha mgeni kunywa kikombe kidogo namna ile akiwa ametoka mbali.

Kabuti nililirudisha Jumapili iliyofuata Madaraka, kabla ya mvua kama nilivyoahidi, limekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni ya dobi. Cucu alilitoa, akalikung'uta, ingawa halikuwa na vumbi. Akalileta usoni akavuta pumzi. Akanusa kola, akanusa kwapa, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, ule ambao babu aliwekea tumbaku, akaunusa mkono.

"Mmelifua," akasema.

Nilianza kumweleza habari za dobi, mashine ya kisasa, na bei niliyolipa. Alikuwa ameshatoka. Hakulirudisha kwenye msumari wa mlangoni. Alilipeleka jikoni, kwenye nyumba ya moshi, akalitundika juu ya mafiga, mahali panapokaushwa mahindi ya mbegu. Unaenda mwaka wa tatu sasa, na bado liko pale. Kila nikienda kumtembelea namkuta akipita chini yake, anaiinua mikono ya koti kidogo, ananusa, anaiachilia.